Kigari Kitupu

Haya yalimpata rafiki yangu Kamene, anayeoka keki kule Kinoo. Siku hiyo alikwenda Ngara kuchukua pikipiki yake, ambayo fundi Thuo alikuwa ameiunganishia kigari cha ubavuni, upande wa kushoto, cha kumpelekea mamake kanisani.

"Kikiwa kitupu, ukikata kona ya kushoto kitainuka," Thuo alimwonya. "Tia mawe humo ndani."

"Mawe ya nini? Nitaenda mosmos, polepole tu," Kamene akajibu, akaondoka.

Mvua ilimkuta Westlands, ikaleta giza kabla ya jioni. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto alijikaza, akingoja gurudumu liinuke. Halikuinuka. Hata kona zilizofuata, kigari kilitulia barabarani kama kilichoshiba. Alipopita kwenye matuta, springi yake ililia nyii, nyii. Kisha ikalia tena penye lami laini, kama mtu anayejisogeza kitini. Kamene hakuthubutu kugeuza shingo. Akaanza kuimba wimbo wa kanisa.

Kinoo stima zilikuwa zimepotea. Mumewe, Kitavi, akatoka na tochi kumfungulia geti.

"Mbona kimelala upande hivyo? Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Hapo springi ikalia kwa kuvuta, na kigari kikapanda taratibu mpaka kikawa sawa. Kitavi akamulika ndani. Kiti kilikuwa kimelowa chepechepe, isipokuwa mahali pamoja katikati, pakavu kabisa. Akapagusa, akaurudisha mkono haraka.

"Kamene," akanong'ona, "hapa pana joto."