Chupa Saba za Mazutu

Asubuhi zetu zilikuwa na utaratibu mmoja tu. Kengele ya misa ya kwanza ilipolia, Papa, baba yangu, alivaa koti lake aende kusali, akaniwekea ufunguo wa Land Rover mkononi, akarudia maneno yale yale ya jana na juzi.

"Bibiane, ukiniona narudi pale kwenye lango, washa. Kabla ya hapo, hapana."

"Ndiyo, Papa," nilijibu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mtu mkubwa kwelikweli. Katika darasa letu zima, nani mwingine alikabidhiwa ufunguo wa gari?

Papa, ambaye majirani walimwita Papa Ignace, alikuwa shofere wa ofisi ya chanjo hapa Bukavu. Tuliishi Muhumba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi hiyo, na Land Rover ililala uani, hatua kumi kutoka mlangoni petu. Lilikuwa gari la mazutu, yaani dizeli, na kuliwasha kulikuwa na ufundi wake: unageuza ufunguo nusu, unahesabu mpaka ishirini ili moteri, yaani injini, ipate moto, ndipo unageuza mpaka mwisho. Papa alipenda kukuta imeshawaka, anywe chai yake amesimama, aende zake. Dakika mbili, basi.

Sasa niseme kosa langu mapema, nisije nikajifanya mwema. Kiangazi kile baridi ya asubuhi ilikuwa ya kukata masikio, na mdogo wangu Venant, wa miaka mitano, alikuwa akikohoa. Ndani ya gari, karibu na miguu, palikuwa na tundu linalotoa hewa ya uvuguvugu. Maman alikuwa ameshatoka kwenda kununua mboga za kuuza sokoni. Basi Papa akishapinda kona tu, nilimzungushia Venant blanketi, nikampakia mbele, nikawasha. Tulikaa humo saa nzima, yeye akisinzia, mimi nikirudia masomo ya mtihani wa mwisho wa mwaka.

Muzee Aloys, sentineli aliyelinda ofisi, naye alikuja kuweka viganja vyake juu ya kifuniko cha moteri. Papa alipokaribia lango, mzee alikohoa mara mbili, nami nikamrudisha Venant kitandani mbio mbio. Tulicheka sana na mchezo huo. Tulicheka mwezi mzima.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, kicheko kikaisha. Nilikuwa nikianika nguo chini ya dirisha la ofisi niliposikia sauti ya Directeur Constantin, mkubwa wa Papa. Miaka ile ya Zaïre, ofisini kila mwanamume aliitwa Citoyen, yaani mwananchi, lakini namna alivyolitamka neno hilo siku ile ilinitia baridi mgongoni.

"Citoyen shofere, mwezi wa tano ulikuwa unaenda Minova kila wiki. Tangu daraja lianguke, unazunguka tu mjini. Kilometa zimepungua nusu. Na mazutu? Karibu ile ile! Inaenda wapi?"

"Citoyen Directeur, mjini gari inakunywa sana. Na hii baridi..."

"Gari inakunywa, ao wewe unauzisha?"

Nilibana shati lililolowa kifuani, maji yakanitiririka mpaka miguuni.

"Nakupa mpaka Jumamosi, saa sita ya mchana," Directeur akasema. "Unionyeshe mazutu inaenda wapi. Ukikosa, nakupeleka kwa majandarme, na ile nyumba utaiacha."

Majandarme, wale askari! Mwaka uliotangulia walikuwa wamemchukua shofere mmoja wa mtaa wetu kwa ajili ya tairi iliyopotea. Alirudi baada ya wiki mbili, hasemi na mtu, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Nilikuwa nikimwona kila Jumapili kanisani akishika kitabu cha nyimbo kwa mkono mmoja. Nikamwaza Papa akiwa vile. Niliona aibu hata kuangalia ufunguo ulioning'inia ukutani.

Kesho yake asubuhi sikuwasha mpaka Papa alipoonekana langoni. Muzee Aloys alinifuata nyuma ya gari, akanong'ona.

"Mutoto, umesikia?"

"Nimesikia, Muzee. Ni sisi tuliimaliza ile mazutu. Niende niseme?"

"Wee! Funga kinywa! Ukisema, nyinyi munafukuzwa, na mimi pia. Nitaenda wapi na uzee huu? Na kwanza gari ilikuwa imesimama tu. Gari yenye kusimama inakunywa nini? Kakikombe kamoja. Nani atakaona?"

Nilitaka sana kumwamini, kwa hiyo nikamwamini. Lakini kila jeep iliyopanda mlima wetu nilidhani inakuja kwetu, nikaacha nilichoshika na kwenda kusimama nyuma ya mlango. Papa hakufungua tena redio yake. Siku ya Alhamisi nilimkuta Maman akikunja nguo zetu na kuzifunga ndani ya kitenge.

"Maman, tunasafiri?"

"Hapana. Napanga tu," akasema. Alikuwa amefunga hata sahani.

Nilikimbilia chooni nikalia huko. Mara tatu nilikwenda mpaka kwa Papa nikiwa nimefungua kinywa, na mara tatu nikaomba maji ya kunywa. Nilikuwa mwoga, na nilijua kwamba ni mwoga.

Papa, yeye, hakukaa bure. Alikwenda kwa Fundi Benoît, mekanisie wa garaji moja ya mjini, na fundi akamwomba Directeur jambo moja: wapime, na Directeur mwenyewe awe ndani ya gari. Ijumaa mchana walijaza tangi pomoni, wakaenda barabara ya Kavumu na kurudi, kilometa thelathini kwa jumla, bila kusimamasimama. Waliporudi, Fundi Benoît alijaza tangi tena kwa chupa kubwa ya bia, akihesabu kwa sauti. Chupa nne tu, tangi likajaa.

Jumamosi walianza alfajiri, moteri ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Kilometa thelathini zile zile, lakini mjini: Kadutu, Bagira, Nyawera, wakipanda na kushuka, wakisimama kwenye kila kituo cha afya, wakipisha watu na mbuzi. Waliporudi uani, sote tulisimama kuangalia fundi akimimina. Nne. Tano. Sita. Tangi lilijaa kwenye chupa ya saba.

Directeur alivua miwani. "Chupa saba? Kilometa ni zile zile?"

"Ni zile zile, Citoyen Directeur, lakini kazi si ile ile," Fundi Benoît akasema, akifuta mikono. "Barabarani gari ikishachukua mwendo, inajisukuma yenyewe kidogo. Mjini unaisimamisha, unaianzisha. Gari hii ni nzito, na kila kuianzisha ni kama kuinua gunia la mihogo kutoka chini. Ukilibeba mbali mara moja, unachoka kidogo. Ukiliweka na kuliinua mara hamsini?"

"Na baridi?"

"Moteri ya mazutu inapenda moto. Ikiwa baridi, mafuta ya kulainisha yanakuwa mazito kama uji uliolala, vyuma vinasuguana kwa shida, na mazutu haiungui yote. Ule moshi mweupe wa asubuhi ni mazutu inayopotea. Na safari za mjini ni fupi: kabla moteri haijapata moto vizuri, umeshafika, unazima. Ikipoa, unaanza tena. Huyu shofere hakudanganya."

Maman alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kumbe niliharakisha.

Directeur alikuwa akiandika kwenye daftari lake. Aliandika, akafuta, akaandika tena. "Sawa. Mji na baridi vinaeleza sehemu kubwa. Lakini hata nikihesabu chupa saba zako, kwa mwezi inapungua bado bidoni nzima. Lita ishirini. Hiyo imekunywewa na nani?"

Fundi Benoît alikuna kichwa. Papa aligeuka pole pole, akaangalia lango, pale Muzee Aloys aliposimama na rungu lake.

"Citoyen Directeur," Papa akasema, "iko mutu moja mwenye kubaki karibu na gari hii kila usiku..."

Nilimwona Muzee Aloys akibadilika uso. Akilini nikaona tena ule mkono wa kushoto usionyooka, na safari hii ulikuwa mkono wa mzee.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Papa, ni mimi!"

Walinigeukia wote. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, lakini maneno yalikuwa yameanza kutoka na sikuweza tena kuyazuia. Nilisema yote: kengele ya misa, blanketi, Venant, saa nzima kila asubuhi. Jina la Muzee Aloys sikulitaja. Yeye mwenyewe alikuja, hatua kwa hatua, akaweka rungu chini.

"Na mimi nilikuwa napasha mikono," akasema. "Papa yake akikaribia lango, nilikohoa mara mbili ili ajue. Na nilimuambia mutoto anyamaze."

Directeur hakuonyesha kuamini. "Saa moja ya kusimama? Gari haijaenda hata mita moja!"

"Tupime," akasema Fundi Benoît.

Saa ile moja ilikuwa ndefu kuliko wiki nzima. Gari liliunguruma limesimama, na Papa hakuniangalia hata mara moja. Nilikaa kwenye ngazi na Venant magotini, nikiwaza kwamba ikitoka kakikombe kamoja, tumekwisha. Hatimaye fundi alizima, akachukua chupa, akamimina. Chupa ya kwanza ikaingia yote. Ya pili ikaingia kidogo, tangi likajaa.

"Saa moja, chupa moja na kitu," akasema. "Mara siku thelathini, bidoni yako ni hii hapa. Gari ikisimama, moteri bado inakula, kilometa haziongezeki. Wewe ulitafuta mazutu kwenye kilometa."

Kisha alichungulia ndani ya gari, akapitisha kidole sakafuni, akakiinua. Kilikuwa cheusi. "Na wewe, mudada, sakafu hii imetoboka. Moshi unaingia humu. Ulimukalisha mutoto mwenye kikohozi ndani ya moshi, kwa ajili ya joto kidogo. Gari ya mazutu ikisimama, moteri yake haitoi hata joto la maana."

Hilo liliniuma kuliko yote. Venant hakuwa amepona mwezi ule; alikuwa akizidi. Nilimkumbatia, nikamwomba msamaha sikioni, naye akauliza kama nina peremende.

Directeur Constantin alifunga daftari. "Citoyen Ignace," akasema taratibu, na hakuwahi kumwita kwa jina la ubatizo tangu nimjue, "nilikutukana bure, unisamehe. Kazi yako iko, nyumba yako iko. Lakini ufunguo wa gari hautolewi tena kwa mutoto. Kosa hilo ni lako." Papa aliinamisha kichwa akakubali. Sentineli naye alionywa, akabaki.

Walipoondoka, Papa aliniita kando ya gari. Nilijua nitachapwa, nikaweka mikono nyuma.

"Uliniona nikiangalia lango. Unajua nilikuwa naenda kusema nini?"

"Jina la Muzee Aloys."

"Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni yeye anayevuta mazutu usiku. Miaka minane tunakunywa chai pamoja, na nilikuwa namupeleka kwa majandarme kwa mikono yangu." Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha moteri. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ukilisema siku ile ile, unaadhibiwa wewe peke yako, na linaisha. Ukilificha, haliondoki. Linatafuta mutu mwingine wa kuadhibiwa. Woga ulikuwa nao, hata mimi nilikuwa nao. Lakini mwenye woga anaweza kusema kweli huku anatetemeka, kama ulivyofanya leo. Ungefanya Jumatatu."

Hakunichapa. Alinipa ndoo na kitambaa, nikasugua ile sakafu nyeusi mpaka jioni.

Jumatatu kengele ya misa ilipolia, Papa alitia ufunguo mfukoni mwake. Muzee Aloys alileta makaa kutoka kwenye moto wake, akayatia ndani ya mbabula, lile jiko la makaa la Maman, nje ya mlango, nasi tukaota moto huko, Venant kati yetu. Papa aliporudi, alihesabu mpaka ishirini, akawasha, akaondoka taratibu bila kungoja, maana Fundi Benoît alimwambia moteri ya mazutu hupata moto kwa kutembea.

Muzee Aloys alifungua lango. Gari lilipopita mbele yake, alikohoa mara mbili. Papa alitoa kichwa dirishani, akamwangalia kwa muda, kisha akaangua kicheko.

"Muzee," akasema, "jioni njoo tunywe chai."