Nikipata Namba Tu

Jumamosi Wendell Kucera alipoingia kwa mara ya kwanza katika duka la mikate la kina Hauser, foleni ilifika mlangoni, na yeye peke yake alijaza nafasi ya watu wawili. Alikuwa na kilo mia moja na arobaini, fulana nyekundu ya chuo iliyombana mabegani, na kaptula, ingawa theluji nje ilikuwa haijaisha. Msichana wa kaunta, Corinne, binti wa wenye duka, alikuwa amejifunga kitambaa cha njano kichwani, na unga ulikuwa umemfika hadi kwenye nyusi.

"Nipe kolachi ishirini na nne," alisema Wendell, akionyesha vimkate vitamu vya mviringo nyuma ya kioo. "Nusu za jamu ya plamu, nusu za jibini."

"Za timu nzima?"

"Zangu."

"Mungu wangu! Na mkeo anakula nini?"

"Sina mke."

"Si ajabu. Angekufa njaa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wendell masikio yalimwiva kwa aibu, akabeba maboksi yake akatoka. Jumanne alirudi, ingawa nyumbani kolachi sita zilikuwa bado hazijaliwa.

Hivyo ndivyo walivyoanza, na miaka miwili ikapita. Wendell alikuwa mlinzi wa kushoto wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, tena mlinzi wa akiba. Kazi yenyewe ni kuinama, kugongana na mtu wa kilo kama zako, na kumzuia asimfikie mrusha mpira. Ukiifanya vizuri, hakuna anayekujua. Ukikosea, spika hulitangaza jina lako uwanja mzima. Kwa misimu mitatu jina la Wendell lilikuwa limetangazwa mara moja tu, kwa kosa la kusogea kabla ya mpira. Muda wote uliobaki alikuwa akisugua benchi huku moyo ukimuuma.

Na kila Corinne alipogusia ndoa, jibu lilikuwa lile lile. "Nikipata namba tu, mpenzi. Siwezi kuoa nikiwa mtu wa benchi."

Msimu wa kwanza wa mapenzi yao namba ilikuwa ya mkubwa wake chuoni. Wa pili Wendell mwenyewe akavunjika kifundo cha mguu. Sasa yule mkubwa alikuwa amehitimu, na katika mazoezi ya Aprili Wendell alicheza na kikosi cha kwanza siku kumi na mbili mfululizo. Siku ya kumi na tatu, Jumanne, kocha akabandika orodha mpya mlangoni. Mlinzi wa kushoto: Landry, jitu lililoletwa kutoka chuo kimoja cha Louisiana. Chini yake: Kucera.

Wendell hakusema na mtu. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akaomba jina lake liingizwe kwenye orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Kwa kanuni, ofisi ina siku mbili za kuliweka jina hadharani, na hakuna mchezaji asiyezitegemea siku hizo mbili. Wendell naye alizitegemea. Kesho yake angempeleka Corinne kula nyama ya kuchoma, amweleze taratibu. Kumbe karani siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Haikupita nusu saa, jina lilikuwa kwenye simu za jimbo zima la Nebraska.

Mzee Sladek, mstaafu wa posta ambaye hakosi mkate wake wa kila Jumanne, aliinua uso kutoka kwenye simu yake. "Pole sana, binti. Kumbe mwenzio anatuhama."

"Nani anahama?"

"Si Wendell! Imeandikwa hapa. Hukuambiwa?"

Corinne alimfungia mzee wa watu mkate wa mteja mwingine, akaingia jikoni, akalia kwa hasira mbele ya tanuri.

Wendell alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Coco, nisikilize kwanza..."

"Usiniite Coco."

"Nilikuwa nije kukwambia kesho! Wale wa ofisini wana siku mbili za kulitangaza jina!"

"Kwa hiyo mwenye kosa ni karani, kwa kuwahi kazi?"

"Sijasema hivyo."

"Unahamia wapi?"

"Kuna kocha wa chuo kimoja cha Idaho amenipigia."

"Amekupa namba?"

"Amesema nitaigombania."

"Ahaa. Kama hapa."

"Si kama hapa! Hapa wameniletea mtu wa kunikalia kichwani! Siku kumi na mbili, Corinne! Sikukosea hata mara moja!"

"Najua, Wendell. Nakuonea uchungu, wallahi," alisema Corinne, polepole sasa. "Lakini nani wa akiba hapa? Miaka miwili nasubiri wewe upate namba ndipo na mimi nipate yangu. Wewe umewekwa wa pili asubuhi, mchana ukaomba uhamisho. Mimi nikaombe wapi?"

Akakata.

Siku tatu zilizofuata Wendell hakufaa kwa lolote. Chakula kilimshinda, na ukimwona mlinzi ameshindwa na chakula ujue mambo yameharibika. Alimchukia Landry, ambaye hajamkosea kitu. Alimchukia karani. Ijumaa jioni alipanda ngazi za baraza ya kina Hauser, amevaa shati lake la pekee linalofungika vifungo. Corinne alitoka na sweta la bluu, mikono ameikunja.

"Nataka kukuoa," alisema Wendell. "Hata kesho."

"Kwa sababu unaogopa nitakuacha."

"Ndiyo. Na kwa sababu nakupenda, jamani, hilo nalo lina ubishi?"

"Halina." Midomo yake ilitaka kucheka, akaikataza. "Lini unaonana na kocha?"

"Jumatatu. Nitamwomba anirudishe kwenye timu."

"Basi uniulize Jumatatu, akishakunyima namba. Hapo ndipo nitajua unanitaka mimi, au unataka zawadi ya ushindi."

"Na akinipa namba?"

"Akikupa, usiniulize kwa wiki nzima. Nataka nione kama utanikumbuka."

Jumatatu kocha hakumzungusha. "Ufadhili wako wa masomo upo, kijana wangu, sijampa mtu. Rudi. Lakini sikudanganyi, Landry ndiye anayeanza. Wewe ni wa pili msimu mzima, mpaka aumie."

"Nimekosea wapi, kocha?"

"Hujakosea popote. Ana mikono mirefu kuliko yako, anamzuia mtu kabla hajamkaribia." Kocha alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kilo ungeongeza. Mikono huwezi."

Wendell alijifungia ndani ya gari lake, akaitazama mikono yake juu ya usukani. Angejua la kusahihisha angelisahihisha, angekesha akilisahihisha. Simu ikalia: ujumbe wa Idaho. Wanashukuru, wameshapata mtu. Alipiga usukani ngumi mpaka honi ikawashtua watu waliokuwa wakipita. Kisha akampigia Corinne.

"Enhe?"

"Wa pili. Msimu mzima."

"Na Idaho?"

"Wamepata mwingine."

"Kwa hiyo huna kitu."

"Sina kitu, Corinne. Sina hata wa kumlaumu." Alipumua kwa nguvu. "Utakubali nikuoe?"

"Umekasirika?"

"Sana! Natamani kuung'oa huu usukani!"

"Na bado unaniuliza."

"Bado nakuuliza."

Corinne akasema, "Nakubali," na Wendell akaanza kulia, hasira na furaha vikimtoka kwa macho yale yale.

"Mwaka kesho, msimu ukiisha..." alianza.

"Wewe! Kambi ya timu inaanza lini?"

"Agosti mosi."

"Basi ni Julai. Sisubiri msimu wa mtu tena."

"Utakuwa mke wa mtu wa benchi. Marafiki zako watasema nini?"

"Watasema mume wangu kila Jumapili, baada ya mechi ya Jumamosi, anaamka na magoti mawili mazima," alisema Corinne. "Wa kwao Landry watakuwa wanamfunga barafu magotini."