Pilau ya Bi Mahbuba Kando ya Mikoko

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bakhita humpeleka mama yake Qurum, ufukweni mwa mji wao, kwa gari. Mama yake, Bi Mahbuba, hutembea kando ya uzio wa hifadhi ya mikoko. Daktari ndiye aliyemwambia atembee. Yeye hapendi kutembea. Anapenda kutazama ndege.

Mwezi wa Machi aliona ndege mweupe mwenye mbawa nyeusi na miguu mirefu myekundu. Ndege huyo alitaga mayai manne chini, juu ya tope kavu. Yeye na mwenzake walipokezana kuyaatamia. Tangu afiwe na mumewe, Bi Mahbuba hakuwa na jambo la kulingojea. Sasa alilipata.

"Zimebaki siku ngapi mayai yaanguliwe?" aliuliza.

"Kumi, Mama. Jana zilikuwa kumi na moja."

Nyumbani kwao wali hautupwi jaani. Wali ni neema. Kwa hiyo kila siku Bi Mahbuba alichukua pilau iliyobaki akaimwaga kando ya uzio.

"Sadaka," alisema. "Mzazi lazima ale."

Siku ya tatu walikuja kunguru sita. Siku ya tano lilikuja kundi zima.

Ijumaa Bi Mahbuba hakuleta kitu. Kunguru hawakuondoka. Wawili walimchokoza ndege kwa mbele. Wa tatu alipita nyuma akachukua yai. Bi Mahbuba alipiga makofi. Akarusha kiatu. Haikusaidia. Mayai yote manne yaliliwa mbele ya macho yake. Kisha ndege alirudi, akakaa juu ya maganda.

Humam, mlinzi wa hifadhi, alisikia kelele akaja.

"Shikamoo, Bibi. Kiatu hiki chako?"

"Marahaba. Kiache kiatu. Wafukuze kunguru hawa."

"Nani anawalisha?"

Bakhita akatazama chini. Punje za wali zilikuwa bado mchangani.

"Mimi nnamlisha ndege wangu," alisema Bi Mahbuba.

"Ndege wako hali wali, Bibi. Anakula wadudu wa topeni. Wali unaita kunguru, paka na panya. Wakimaliza wali, wanatafuta kitoweo."

"Basi watoto wake nimewaua mimi."

Humam hakukataa. "Hukujua. Sasa umejua."

"Na wali niutupe? Hiyo si israfu?"

"Pikeni kiasi. Unaobaki mpe mtu ungali mzuri. Makombo yafunge ndani ya mfuko, uyatie kwenye pipa lenye kifuniko. Na ndege mtazame kwa mbali. Akiinuka akalia, umesogea mno, rudi nyuma. Mzazi akikaa mbali, jua hili linapika yai."

"Watataga tena?"

"Huenda. Huenda wasitage."

Wiki mbili Bi Mahbuba hakutoka. Alikaa kitandani akitazama ukuta.

"Mama," alisema Bakhita, "kulala hakumrudishii ndege yule mayai yake. Vaa viatu."

Bakhita alipunguza kipimo cha mchele. Wali uliobaki alimpelekea jirani yao, Balqees, ungali na moto. Alinunua darubini. Kunguru waliendelea kuja siku kadhaa, wakakosa chakula, wakapungua.

Katikati ya Aprili ndege wale wawili walitaga tena. Mara hii Bi Mahbuba alitazama akiwa mbali. Mwezi wa Mei makinda matatu yalianguliwa. Paka alichukua moja. Lingine lilipotea, hakuna aliyejua lilikwenda wapi. Mwezi wa Juni la mwisho liliruka juu ya mikoko.

"Hilo," alisema Bakhita.

"Nimeliona. Yangekuwa mengi."

Nyuma yao, baba mmoja alishuka garini na watoto wake. Alikuwa amebeba sinia. Akainama kando ya uzio, akaanza kumwaga wali.

"Okota huo, mwanangu," alisema Bi Mahbuba.

"Ni sadaka, Bibi."

"Hata mimi nilisema hivyo. Okota, kisha nikwambie."