Mapipa Matatu ya Namba Kumi na Tisa

Kila mashua zilipoingia kijiji cha Kaldeyri, Isilandi, zimejaa samaki, kazi ya Halla ilikuwa moja: kuinama ndani ya pipa mpaka miguu yake ining'inie hewani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye mikono mirefu. Mama yake, Petrína, alikuwa mpangaji hodari wa samaki wa heringi, lakini alikuwa mfupi, na vidole vyake havikufika chini ya pipa. Kwa hiyo Halla ndiye aliyepanga safu tatu za mwanzo. Samaki walilazwa tumbo juu, wamebanana, mikia ikikutana katikati. Juu ya kila safu alinyunyiza chumvi ya kutosha kuwafunika, kisha safu nyingine ililazwa juu yake kwa kukingama. Akimaliza alichomoka, uso mwekundu, na mama yake akaendelea mpaka juu.

"Petrína, siku moja tutampigilia mtoto wako kifuniko na kumpeleka Urusi!" alipiga kelele Unnur, jirani yao wa meza ya pili.

"Mpeleke," alijibu Petrína bila kuinua macho kutoka kwenye kisu chake. "Ila uwaambie anakula kama wavuvi wawili."

Wanawake wakacheka. Halla naye alicheka, ingawa neno lile, Urusi, lilimsisimua mwili. Kwenye ukuta wa darasa kulikuwa na ramani kubwa ya dunia. Isilandi aliweza kuifunika kwa kidole gumba. Lakini Umoja wa Kisovyeti, hata alipotandaza viganja vyake vyote viwili, ulibaki ukitokeza kila upande. Mwalimu Torfi aliwaambia kwamba jua likichwa upande mmoja wa nchi ile, upande wa pili watu wanaamka. Na watu wa huko walikula samaki waliopangwa na Halla! Kila alipofikiri hivyo alihisi kizunguzungu kidogo, kama mtu anayechungulia kutoka juu ya mwamba.

Haikuwa hivyo zamani. Samaki wengi wa Isilandi walikuwa wakipelekwa Uingereza, lakini ulipozuka ugomvi juu ya mipaka ya bahari, bandari za Uingereza zilifungwa. Watu wazima waliizungumzia habari ile kwa sauti ya chini, kama mtu anavyozungumzia mgonjwa wa nyumbani. Baadaye ukaja mkataba na Urusi. Isilandi itapeleka samaki, Urusi italeta mafuta ya kuendeshea mashua na ya kupashia nyumba joto. Tangu baba yake Halla achukuliwe na bahari, miaka miwili iliyopita, yeye na mama yake waliishi kwa heringi tu. Nusu ya Kaldeyri waliishi hivyo hivyo.

Wiki ya pili ya Julai samaki walikuja wengi mno. Siku ya tatu ya kazi, ngozi ya vidole vya Halla ilipasuka. Kila alipotia mkono kwenye chumvi alihisi kama ameshika kaa la moto. Alitazama kando. Mama yake alikuwa na mipasuko kama ile, tena mikubwa zaidi, na aliendelea kupanga. Halla akaona haya kulalamika.

Basi katika pipa alilokuwa akipanga hakunyunyiza chumvi kwenye safu ya chini. Safu ya pili alitupia kidogo tu. "Nani ataona chini kabisa?" alijiambia. "Na hapo baadaye fundi wa mapipa atajaza maji ya chumvi. Yatashuka yenyewe." Pipa lililofuata alifanya vivyo hivyo, na la tatu pia. Jioni mama yake aliona vidole vyake, akavipaka mafuta ya kondoo na kuvifunga vitambaa. Kesho yake Halla alirejea kupanga kama inavyotakiwa, na mapipa yale matatu yakavingirishwa kwenda kwenye rundo pamoja na mengine mia nne.

*

Wiki nne baadaye msimamizi, Ögmundur, alipanda juu ya sanduku la chumvi.

"Sikilizeni! Mkaguzi wa Warusi anafika kesho. Anakuja na meli yao. Mkataba unasema hivi: atachagua mapipa kumi. Akikuta moja bovu, ana haki ya kulikataa rundo zima."

"Rundo zima?" aliuliza Unnur. "Mapipa mia nne?"

"Zima. Na hafungui juu kama mnavyodhani. Anayageuza, anafungua chini."

"Na afungue," alisema Unnur akijipigapiga kwenye aproni. "Yangu hata akifungua ubavuni atakuta yamependeza."

Watu walicheka. Halla hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye rundo.

Asubuhi, Kaldeyri nzima ilisimama gatini. Meli ilikuwa imekwisha kuingia. Halla hakuwahi kuona kitu kikubwa kama kile kilichotengenezwa na watu. Ubavu wake mweusi ulipanda juu kupita kanisa, na mashua zao za uvuvi kando yake zilionekana kama viatu vilivyoachwa mlangoni.

Mkaguzi alishuka ngazi polepole. Aliitwa Bwana Zhilin, mzee wa miraba minne mwenye koti refu na kofia ya kawaida tu. Halla alikuwa amemtarajia mtu wa kutisha. Lakini mzee yule alimpa Ögmundur mkono, kisha akawapa mkono wanawake wote waliokuwa mstari wa mbele, mmoja mmoja, bila haraka. Mwalimu Torfi, aliyejifundisha Kirusi kwa vitabu, alisimama pembeni yake kutafsiri.

Bwana Zhilin alilizunguka rundo. Alitia alama ya chaki hapa, akaruka, akatia pale. Kila pipa lilikuwa na namba ya mpangaji na tarehe. Halla alimfuata kwa macho. Namba kumi na tisa, ya Petrína, tarehe kumi na nne Julai: mapipa yale matatu yalikaa bega kwa bega kwenye safu ya pili. Chaki ilikaribia. Chaki ikapita.

Fundi aliyageuza mapipa kumi na kung'oa vifuniko vya chini. Mkaguzi alinusa, akatoa samaki, akamvunja kwa vidole, akakata kipande na kukitafuna mbichi huku amefumba macho. Watu mia mbili walimtazama mtu mmoja akitafuna. Pipa la kwanza, zuri. La pili, zuri. Hadi la kumi.

"Amesema ni heringi safi," alitangaza Mwalimu Torfi. "Amesema atatia sahihi."

Kofia zilirushwa juu. Ögmundur alimkumbatia fundi. Mtu alileta birika la kahawa na sahani ya mikate. Petrína alikuwa akifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. "Sasa majira ya baridi tutayavuka," alimwambia binti yake. "Unasikia? Tutayavuka."

Halla alisikia. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na karatasi ilikuwa tayari mezani. Lakini akaiona ile ramani. Akayaona mapipa yake yakishushwa tumboni mwa meli, yakipanda treni, yakienda siku nyingi na usiku mwingi mpaka mji ambao hata jina lake hangeweza kulitamka. Mama mmoja wa huko anakifungua kifuniko, mtoto wake anachungulia. Harufu inawapiga usoni. Kisha wanageuza pipa wasome limetoka wapi.

"Mama," alisema. "Yapo mapipa matatu yetu mabovu. Ni mimi."

Alieleza kila kitu kwa maneno machache. Petrína hakumpiga wala hakupiga kelele. Uso ulimpauka. Alitazama karatasi mezani, akatazama nyumba zilizopangana chini ya mlima, zote zikisubiri mafuta ya kupashia joto. Kisha Petrína akamshika mkono, mkono uleule wenye makovu, wakaenda pamoja hadi mezani.

"Umepagawa?" Ögmundur alinong'ona alipoelewa. "Petrína! Amekwisha kukubali! Mpeleke mtoto nyumbani, tutayatoa kimyakimya."

"Alipoyaweka hakuna aliyemwona," alisema Petrína. "Kuyatoa yatatolewa mbele ya watu. Mwalimu, mwambie."

Mwalimu Torfi alitafsiri. Bwana Zhilin aliirudisha kalamu mfukoni.

Mapipa matatu yaligeuzwa na kufunguliwa. Harufu ilitangulia. Samaki wa chini walikuwa laini, wa kijivu, wanang'oka mfupani. Nyuma, mtu mmoja alisema, "Mtoto huyu ametumaliza," na hakuna aliyembishia.

Mzee alimwita Halla kwa kidole. Karibu naye alionekana mkubwa kama mlango. Aliuliza kitu.

"Anauliza kwa nini hukutia chumvi," alisema Mwalimu Torfi.

Halla alifungua viganja vyake. Mzee aliinama, akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza tena.

"Anauliza, ni matatu tu?"

"Ni matatu tu."

"Anauliza, una hakika?"

Halla alimtazama machoni. "Matatu tu, bwana. Ningekuambia."

Bwana Zhilin alichukua chaki akarudi kwenye rundo. Safari hii alitia alama mapipa thelathini. Kazi ilichukua siku nzima. Hakuna aliyekwenda kula. Fundi alifungua, mzee alinusa, alivunja, alionja, na uso wake haukusema kitu. Pipa la thelathini lilipofungwa, upepo wa jioni ulikuwa umeanza kushuka mlimani. Alinawa mikono kwenye ndoo, akakaa, akatoa kalamu, akatia sahihi. Kisha akazungumza taratibu, na Mwalimu Torfi akatafsiri sentensi moja baada ya nyingine.

"Anasema: mapipa kumi yalimweleza habari za mapipa kumi. Mapipa thelathini yakamweleza habari za thelathini. Hayo mengine yote ameyanunua kwa neno la msichana huyu. Anasema mapipa matatu hayamo, na mwakani atapenda kununua tena hapa Kaldeyri."

Safari hii watu hawakupiga kelele mara moja. Walisimama kwanza, kama kanisani. Ögmundur alivua kofia, akajikuna kichwa. "Haya, Halla," alisema. "Leo nimefundishwa na mtoto. Usimwambie mke wangu."

Unnur ndiye aliyecheka wa kwanza, na kicheko kikasambaa gati zima.

*

Upakiaji ulichukua siku mbili. Halla na Petrína walikaa juu ya ukuta wa gati wakitazama kamba za winchi zikiyanyanyua mapipa, manane manane.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nilikasirika. Vidole vilipokuuma ulipaswa kuniambia. Kuumwa si aibu, mwanangu. Ningekufunga vitambaa siku ile asubuhi badala ya jioni, na haya yasingetufika." Petrína alimgeukia. "Lakini nisikilize. Wale ni watu milioni mia mbili. Wakitaka samaki watapata kwingine. Sisi hatuna jeshi wala bunduki, na tukionewa hatuna wa kumtisha. Mtu mdogo anayefanya biashara na mkubwa ana ngao moja: akisema pipa ni zima, liwe zima mpaka chini. Baba yako alikuwa hivyo. Siku ile ulipofungua mdomo niliogopa sana. Lakini nilikuona, nikamwona yeye."

Halla alikuwa ameona jambo. Ubavuni mwa meli palikuwa na mstari mwekundu uliokuwa juu ya maji jana yake, kiasi cha upana wa kiganja. Sasa maji yalikuwa yakiugusa. Kila mzigo ulipoingia, meli ile kubwa kupita kanisa ilishuka kidogo, kwa uzito wa samaki waliopangwa mmoja mmoja kwa mikono ya wanawake wa Kaldeyri.