Sampo Ilivuja Mara Mbili, Nikamtegea Bubu Simu

Nilimvuta miguu rafiki yangu, tuliyejuana miaka kumi na moja, kutoka uvunguni mwa lori la dada yangu.

Alikuwa na spana mkononi. Oili nyekundu ya gia boksi inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Na bolti nilizokaza mwenyewe jana, kwa mkono wangu huu, tatu zilikuwa zimeshalegezwa.

"Kumbe ni wewe," nikamwambia.

Hakujibu. Si mtu wa maneno, ndiyo maana tunamwita Bubu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkianzia hapa mtanilaumu bure. Au mtanilaumu kwa haki... someni kwanza.

Mimi naitwa Redio. Gereji ni yetu wawili, mimi na Bubu. Benchi letu halikauki watu: kinyozi wa jirani, mama wa chai, madereva wasio na safari. Hata asiye na gari anakuja kusikiliza.

Jumatatu dada akaleta lori lake la gia otomatiki. Kazi ya kawaida tu. Unamwaga oili, unabadilisha filta, unarudisha sampo, lile bakuli la bati linaloshika oili chini ya gia boksi.

Sampo ya lori lile haina gasketi ya kuzibia maungio, inazibwa kwa silikoni, gundi ya kwenye tyubu. Unakwangua ya zamani, unafuta mpaka bati ling'ae, unapaka mpya mstari mmoja usiokatika, unapandisha, unakaza kwa zamu huku na huku.

Naijua kama njia ya kwetu.

Jumatano simu ikaita. Dada, katikati ya mlima, lori limejaa mzigo.

"Injini inanguruma, gari haliendi. Nikiachia breki linarudi nyuma. Chini kumetapakaa oili. Umenifanyia nini, mdogo wangu?"

Nikatafuta gari la kuvuta.

Lori likavutwa mpaka gereji. Dada akashuka, hakunisalimia.

"Likivuja tena, sileti gurudumu langu hapa. Mimi ndiye ninayekaa kwenye usukani, si nyinyi."

Kinyozi akanivuta kando.

"Sikutaka kusema, lakini Jumatatu ulipokwenda kula nilimwona Bubu anaingia uvunguni. Mara mbili."

"Kufanya nini?"

"Mimi ni mtu wa nywele, nitajuaje?"

Miaka kumi na moja, mtu nimesimama naye kwenye harusi yake...

Alhamisi nikaziba upya. Kabla sijaanza, nikaiegemeza simu nyuma ya makopo ya rangi, ikaangalia lori, ikarekodi. Nikajiambia, leo nakunasa.

Ijumaa asubuhi nikafika mapema. Boksi la karatasi nililotandika chini ya lori limelowa. Na miguu ya Bubu inaonekana uvunguni.

Hapo ndipo mlipoanzia.

"Kusanya spana zako," nikamwambia. "Leo hii."

"Redio, twende pembeni tuongee."

"Pembeni ya nini? Hapa hapa, watu wasikie."

Watu walikuwepo, si mnajua benchi langu. Na dada ndiyo alikuwa anaingia kuchukua lori.

"Ushahidi ninao," nikasema. "Simu ilikuwa inarekodi jana yote."

Nikaifungua mbele yao. Sikuwa nimeitazama hata sekunde moja. Dada akaishika, vichwa vikasongamana.

Kwenye video natokea mimi. Nimepindua sampo mezani, napaka silikoni vizuri kabisa. Mstari umenyooka, hata mimi nikajisifu moyoni.

Halafu nikamwona yule mimi wa kwenye simu anainua kichwa.

"Ehe, mmesikia ya fundi cherehani? Kaenda kuposa, kafika sebuleni, kamkuta kaka yake mwenyewe kakaa. Naye kaja kuposa binti huyo huyo..."

Benchi linacheka. Mimi nimesimama, tyubu mkononi, naigiza mpaka mwendo wa fundi cherehani.

Bubu anaingia kwenye picha. Anagusa silikoni kwa kidole.

"Redio, imeota ngozi."

"Subiri kaka, utamu ndio huu."

Anaondoka. Anarudi.

"Redio, hii haitashika. Tuifute."

"We naye! Ngoja amalize," anasema kinyozi.

Mara ya tatu Bubu hakusema. Alinionyesha saa, nikampa mgongo.

Nikanyoosha mkono niichukue simu. Dada akauepuka.

"Acha iende."

Ikaenda. Ndipo nikaipandisha sampo, na silikoni imekauka juu kama maziwa yaliyopoa.

"Dakika ishirini na sita za hadithi," dada akasema. "Kumbe na Jumatatu ilikuwa hivi hivi, ndiyo maana nilirudi kinyumenyume mlimani."

Kinyozi akakumbuka ana mteja.

"Na asubuhi hii?" nikamuuliza Bubu.

"Nilitaka niishushe, niipake upya kabla hujafika. Dada yako asijue. Jumatatu niliikagua ulipokwenda kula, uliporudi nikaanza kukwambia, ukasema nisikukatize."

Ndugu zangu, sijawahi kutamani kufukuzwa kwenye gereji yangu mwenyewe kama siku ile.

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wale wale. Halafu nikakaa kimya, nikamshikia sampo. Bubu akakwangua, akafuta, akapaka, tukapandisha silikoni ikiwa bado mbichi. Tukaiacha ikomae mpaka kesho yake, ndipo tukamimina oili.

Wewe unayesoma, kabla hujamtafuta anayekuhujumu, jitazame kwanza ulivyokuwa unafanya kazi. Na yule asiyesema sana akikwambia jambo mara tatu, nyamaza umsikie.

Jumamosi mchana dada akapiga.

"Nipo juu ya mlima. Nimelaza boksi chini, kukavu."

Nikakata simu, nikamwangalia Bubu. Alikuwa anafuta spana taratibu, kama mtu mwenye neno.

"Sema tu, kaka. Nastahili."

Akakohoa.

"Yule fundi cherehani... mwishowe nani alipewa mke? Tangu Alhamisi silali."