Aliyekanyaga Breki

Jua lilikuwa limeshaligusa ziwa, na fundi Mhoja bado alikuwa ameinamia buti la Pijo jeupe la Mzee Ndalahwa, uani kwa mzee huyo, Pasiansi.

Fundi mwingine wa umeme wa magari angeshafunga vifaa vyake akaenda zake. Mwenzake Yeremia alikuwa msibani tangu asubuhi, na kazi ya watu wawili ilikuwa imemwangukia peke yake. Lakini Mhoja alikuwa na sababu ya kung'ang'ana. Nyumbani kwake Igogo, mkewe Getruda alikuwa na mimba iliyofika ukingoni. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili alijifungulia juu ya mkokoteni, usiku, katikati ya barabara, gari limekosekana. Mtoto yule hakulia hata mara moja.

Basi Mzee Ndalahwa alipomwambia, "Fundi, lifufue gari hili, na ndilo litakalompeleka mkeo hospitali saa yoyote," Mhoja hakuuliza swali la pili. Siku hiyo angekubali hata kufunga taa kwenye jeneza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ya nje imefunguliwa, na makontena kutoka ng'ambo yalikuwa yakishusha kila takataka na kila kitu cha maana. Mzee alijipatia injini ya Kijapani, akaing'oa ile ya zamani. Hiyo mpya ikajaza nafasi yote chini ya boneti, betri ikakosa pa kukaa. Ikabidi ihamie nyuma, kwenye buti. Mhoja akalaza waya mnene wa chanya chini ya zulia mpaka mbele kwenye stata, akauvika raba kila ulipopenya bati, akaweka fyuzi karibu na betri. Hasi akaikaza kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi mpaka bati likang'aa. Kazi safi kabisa.

Ila asubuhi mzee alikuwa amempa masharti.

"Mlango wa dereva usiufungue, pitia upande wa pili. Na wakati wa kupima taa, usiite. Nitakuja mwenyewe."

Mhoja alicheka moyoni. Wazee wenye magari ya zamani wana mambo yao.

Sasa, kupima taa ni kazi ya kupaza sauti. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva anakanyaga na kubonyeza. Mwingine anasimama nyuma anaangalia na kuita. Ndivyo mafundi wote wanavyofanya, na Mhoja alikuwa amefanya hivyo miaka mingi hata mdomo wake ulikuwa haumsubiri. Giza lilipoanza kuingia, akili yake ikiwa Igogo, akasahau.

"Haya, njoo tupime!" akaita.

Mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka akanyamaza.

Kisha mlango wa dereva ukafunguka. Kriii... Gari likainama upande wa kulia, kama linavyoinama mtu mzima anapokaa. Mlango ukafungwa polepole.

"Asante, mzee. Breki!"

Taa zikawaka, nyekundu, vizuri kabisa.

"Indiketa ya kushoto!"

Tik... tik... tik...

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Harufu ya shati la mgonjwa wa homa, jasho lililokauka likalowa tena likakauka. Mhoja akaziba pua kwa mkono. Maskini mzee, akawaza, kumbe anaumwa. Akataka kuita taa kubwa. Kabla hajafungua mdomo, ukuta wa mbele ukawaka mwanga.

Nywele zikamsimama. Hakujua kwa nini.

Kisha sauti ikatoka mbele, ndogo, kavu, kama ya mtu ambaye hajanywa maji siku nyingi.

"Nishuke?"

"Shuka, mzee," Mhoja akajibu upesi, maana alitaka kuondoka pale. "Kazi imekwisha."

Gari likainuka. Mlango ukafunguka. Nyayo zikaanza kupita juu ya kokoto, kwaru... kwaru... kwaru... Mhoja, kichwa kikiwa bado chini ya mfuniko wa buti, akaona miguu ikipita. Ilikuwa peku. Ilikuwa imevimba, ngozi imevutika, kama ya mtu aliyekaa kitako muda mrefu mno bila kunyanyuka.

Hakuinua macho. Nani angeinua?

Lango likalia.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka, na Mzee Ndalahwa akatoka na taa ya chemli mkononi.

"Niwie radhi, fundi, nilikuwa naoga. Sasa nikae ndani tupime?"

Spana ilimponyoka Mhoja.

"Mzee... si umetoka humo sasa hivi?"

Mzee akatazama mlango wa dereva. Ulikuwa wazi.

"Aliuliza kitu?" akanong'ona.

"Aliuliza kama ashuke."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ashuke."

Mzee Ndalahwa akakaa chini, pale pale juu ya kokoto, mtu mzima na heshima zake.

"Anaitwa Masalu," akasema. "Alikuwa dereva wangu. Tulikuwa Kigongo, foleni ya kivuko cha kwenda Busisi. Homa ilikuwa imemkamata. Nikamwambia, usishuke mpaka nikwambie. Nikaenda kwenye mambo yangu, nikalewa, nikalala huko huko. Kurudi asubuhi... mikono iko kwenye usukani, roho imeshatoka."

"Si mlimzika, mzee?"

"Tulimzika. Maiti tuliiteremsha watu wanne. Lakini ruhusa ya kushuka sikumpa. Mganga alinikataza. Alisema, dereva wako akikaa, mali yako nayo itakaa." Akajifuta uso. "Na ilikaa, ngosha. Ilikaa kweli."

Mhoja alimchukia mzee yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko chuki.

"Sasa ameenda wapi?"

"Dereva huenda anakotumwa na bosi wake. Mimi si bosi wake tena. Aliyemwambia ashuke ni wewe."

Tangu asubuhi Mhoja alikuwa na safari moja tu kichwani. Getruda!

Waliingia garini bila kuongeza neno. Mzee alipokalia kiti cha dereva aliguna. Kiti kilikuwa cha moto. Aliendesha amejikunja, kama mtu anayegawana kiti na mwenzake, na hakuna aliyethubutu kugeuka kutazama nyuma mpaka Igogo.

Nyumba ilikuwa giza. Jirani yao, Mama Winnie, akatoka anafuta mikono.

"Fundi, mbona gari limerudi tena?"

"Getruda yuko wapi?"

"Si amechukuliwa na dereva wako? Uchungu ulimshika jua linazama. Hata hatujatafuta usafiri, huyo akapiga hodi, kasema katumwa na fundi. Kaka mpole, ila miguu imemvimba, masikini."

"Alikuja na gari gani?"

Mama Winnie akamshangaa. "Fundi, unaumwa? Hili hili. Mlango nimeufunga kwa mkono wangu huu." Akainama, akachungulia kiti cha nyuma. "Tena ndala zake si hizi hapa?"

Zilikuwa pale. Ndala za bluu za Getruda, kamba moja imefungwa uzi, sakafuni nyuma ya kiti cha dereva. Mhoja alikuwa amekuja nazo kutoka Pasiansi, bila kujua.

Wakakimbilia hospitali. Kabla ya kuingia ndani, Mhoja alifungua buti akailegeza hasi ya betri, akaichomoa kabisa. Hakutaka gari lile lifanye lolote bila yeye kujua. Mzee Ndalahwa akabaki langoni, funguo kidoleni, mbali na gari.

Muuguzi akamwonyesha kitanda cha karibu na dirisha.

Getruda alikuwa amelala, amechoka, anatabasamu. Na pembeni yake kitu kidogo chekundu kilikuwa kinalia kwa hasira zote. Mhoja alishika ukingo wa kitanda akalia na yeye. Kilio kile alikuwa amekisubiri kwa miaka mingi.

"Mungu ambariki yule dereva, ningechelewa kidogo ningezalia njiani," Getruda akasema. "Ametuendesha taratibu, kila shimo analikwepa. Hasemi, yule kaka. Tulipofika ndipo akaniuliza neno moja tu."

Machozi yakamkauka Mhoja.

"Neno gani?"

"Aliuliza kama ashuke."

"Ukamwambiaje, mke wangu?"

"Nikamwambia asishuke. Anisubiri hapo hapo, atupeleke nyumbani mimi na mtoto."

Mhoja akageuka polepole kuelekea dirishani. Uwanja haukuwa na watu. Kule langoni, chini ya taa, Mzee Ndalahwa alikuwa amesimama na funguo zake. Pijo lilikuwa limeegeshwa peke yake gizani, buti wazi, betri imechomolewa.

Kisha gari likainama kidogo, upande wa kulia.

Taa za breki zikawaka. Zikabaki zinawaka.

Nyuma yake, Getruda alikuwa anamfunika mtoto vizuri kwa kanga.

"Hebu chungulia, mume wangu," akasema. "Bado yupo?"

"Yupo," Mhoja akajibu.