Abiria wa Mfereji wa Nivernais

Odile Vauquelin hakuwa mtu wa kuzua mambo. Miaka thelathini na mbili aliuza dawa mjini Auxerre, na hata mumewe, Lucien, alipofariki, siku ya nne alikuwa kazini akipanga chupa rafuni. Ndiyo maana alipoeleza yaliyompata kando ya mfereji wa Nivernais, hakuna aliyecheka.

Ilikuwa Oktoba. Rafiki yake Ghislaine na mumewe Armand walikodi boti, wakamwambia awafuate kwa baiskeli, wale chakula cha mchana pamoja Châtel-Censoir. Kila mwaka walikwenda wanne. Safari hii wangekuwa watatu.

Odile alishuka treni Cravant, akafunga begi lake kwenye keria, akashika njia ya ukingoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mweupe kama maziwa. Hakukutana na mtu. Alipomwona ndege kongoti amesimama kwenye matete, alinyoosha kidole, akasema, “Mtazame yule.” Kisha akakumbuka hana wa kumwambia.

Kwenye lango la maji la tatu, pale boti zinapopandishwa na kushushwa, mlinzi alikuwa mlangoni mwa nyumba yake na bakuli la kahawa.

“Mama, huyo mwenzako atashikwa na homa,” alisema. “Si umpe hata koti?”

“Mwenzangu yupi?”

Mwanamume yule alicheka. “Huyo uliyempakia nyuma! Amelowa chapachapa.”

Odile aligeuka. Begi lake tu. Aliporudisha uso mbele, mlinzi alikuwa hacheki tena. Aliingia ndani bila kuaga, na Odile akasikia komeo likisukumwa.

“Mzaha wa kijinga,” alijisemea, akapanda baiskeli.

Lakini baiskeli ilikuwa nzito. Alishuka, akabonyeza matairi. Yalijaa upepo. Akaendelea, akikanyaga kwa nguvu kama anayepanda mlima, na njia ilikuwa tambarare. Nyuma yake kulitoka harufu ya tope lililofukuliwa. Kitu kikadondoka kwenye shingo yake, tone moja, baridi. Akatazama juu. Hapakuwa na mti.

Hakugeuka tena. Alihesabu mizunguko ya pedeli ili asifikiri. Kumi. Ishirini. Ndipo mikono miwili ikamzunguka kiunoni, taratibu, kama ya mtu anayeogopa kuanguka.

“Na wewe huna mtu,” sauti ya mwanamke ilimnong'oneza.

Odile alizidi kukanyaga.

“Nyumba ina baridi. Unapika sufuria nzima, unakula kijiko kimoja.”

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumwambia yeyote.

“Huku chini hatulali peke yetu. Pinda kidogo tu.”

Baiskeli ilianza kuegemea majini. Na hapa ndipo Odile, kila alipoeleza, aliposhusha sauti. Angeweza kuvuta usukani. Hakuvuta. Mwaka mzima hakuna aliyemshika kiunoni, na mikono ile, pamoja na ubaridi wake, ilimshika vizuri.

Gurudumu la mbele likateleza ukingoni.

Honi ikalia. Ndefu. Kali.

“Odile! We Odile! Unakwenda wapi? Simama!”

Alikuwa Armand, amesimama kwenye pua ya boti iliyochomoza ghafla katika ukungu. Odile alifunga breki, akaanguka ubavu kwenye nyasi. Nyuma yake maji yalipasuka, kama mtu mzima amejitupa. Kisha kimya.

Walimpandisha botini, Ghislaine akamfunika blanketi na kumwekea mchuzi wa moto mbele yake.

“Tulikungoja Châtel-Censoir tukachoka, shoga. Armand akasema turudi tukutafute. Haya, kunywa, unatetemeka.”

“Mlimwona?” Odile aliuliza.

“Nani?”

Odile aliyatazama maji. Ghislaine alimvua glavu, ya kulia, kisha ya kushoto. Akauinua mkono ule.

“Odile. Hii nini?”

Kwenye kidole cha pete, ndani ya glavu iliyokuwa kavu kabisa, ulizungushwa unywele mmoja mrefu, mweusi, wenye maji. Mizunguko mitatu. Ulikuwa umefungwa fundo zuri, dogo, la kukazwa kwa makini. Odile alikuwa na mvi, na nywele zake hazikufika sikioni.

Armand aliukata kwa mkasi wa jikoni, akautupa mferejini. Wote watatu waliinama kuutazama. Haukuelea. Ulizama wima, upesi, kama msumari.

“Afadhali,” Ghislaine alinong'ona.

Mpaka leo Odile hajamwambia Ghislaine kwamba, unywele ule ulipozama, alisikitika.